Isale Mlangoni kwa Profesa

Petersburg, chumba cha nyuma ya jiko,
mwezi wa tatu, theluji bado imekaa.

Dada yangu Nsia, mama wa wapwa zangu,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nayasalimu magoti yako, ambayo umesema yanakusumbua ukipanda kile kilima cha kanisani. Yamepoa? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Migomba ya upande wa mfongo vipi, maji ya mfereji yanaifikia, na upepo umeiacha imesimama? Nimesikia wanunuzi binafsi wa kahawa wanapita mpaka mlangoni siku hizi na mizani yao. Waangalie vizuri, mizani hizo nyingine zimesoma kuliko mimi.

Mimi ni mzima kama reli. Baridi ya huku, Dada, ni ya namna ambayo ukitema mate yanafika chini yakiwa changarawe. Warusi wenyewe wanalalamika. Mimi natoka bila kofia, wananiuliza imekuwaje, nawajibu kwamba kwetu theluji tunayo tangu zamani, ila tuliipandisha mlimani isitusumbue, asubuhi tunaitazama tu huku tunakunywa chai. Wanaamini. Kuna mmoja aliniomba nimwandikie kwenye karatasi njia tuliyoipandishia.

Sasa nijibu swali lako. Umesema akina mama wa kanisani wanakuuliza kila Jumapili: huyo mzee wa Kirusi anayekaa naye mdogo wako ni mtu gani, na mbona kila barua ni yeye tu. Na wewe mwenyewe ukaongeza chini, kwa kalamu nyingine, kwamba nisije nikawa nimesahau kwetu kwa ajili ya baba wa watu. Basi leo nakueleza yote, tangu mwanzo wake mpaka jambo lililotokea majira haya ya baridi, ambalo nusura linilaze nje. Wasomee na hao akina mama, ila pale nitakapotaja pombe ya mbege uparuke.

Jina lake ni Gleb Matveyevich. Huku mtu anaitwa jina lake na la baba yake kwa pamoja, kama sisi tunavyosema fulani wa fulani. Mimi namwita Mzee Gleb. Ni profesa wa vitabu vya Kijerumani. Usishangae, hata mimi nilishangaa. Mrusi, tena wa mji huu uliozungukwa na Wajerumani wakati wa vita mpaka watu wakala gundi ya viti, maisha yake yote amefanya kazi ya kusoma na kufundisha mashairi ya Wajerumani hao hao.

Tulikutana kwa sababu ya sauti yangu, ambayo unaijua. Unakumbuka nilikuja huku kusomea matrekta, nikitokea kwenye mpunga wa Chekereni, ambako nilikuwa dereva bora kuliko yeyote aliyewahi kukanyaga matope yale. Kozi ikaisha. Serikali ya huku nayo ikaanza kuisha. Wenzangu wakarudi, mimi wakanibakiza kwa ajili ya ujuzi wangu, au tuseme tiketi yangu ilichelewa mpaka ofisi ya kuitoa ikageuka duka la viatu. Hata mji wenyewe ulibadilishwa jina mimi nikiwa ndani yake. Nililala Leningrad nikaamka Petersburg, bila kuhamisha hata soksi.

Nikapata kazi ya kuchochea tanuri kubwa lililo chini ya jengo moja la ghorofa, yanakochemshwa maji ya kupasha joto nyumba zote. Siku moja natupia makaa huku naimba ule wimbo wa kanisani wa Kijerumani wa Babu. Unaujua, ule aliofundishwa na wamisionari alipokuwa mtunza bustani yao pale Old Moshi, akatufundisha sisi, nasi tukaushika wote bila kuelewa neno hata moja. Kumbe mabomba ya nyumba hizi yanabeba sauti. Yangu ikapanda ghorofa hadi ghorofa ikamkuta Mzee Gleb yuko bafuni. Akashuka amevaa koti juu, taulo chini, povu bado sikioni.

Akanisemesha Kijerumani. Nikamjibu kwa Kirusi kwamba Kijerumani changu ni cha kuimba tu, cha kuongea hakijafika.

Akasema, "Babu yako alifundishwa na Mjerumani wa jimbo la Saksoni. Matamshi yako ni ya huko, tena ya zamani sana."

Nikamwambia, "Babu yangu alifundishwa na mtu mwenye ndevu nyekundu. Kwao sikuuliza."

Akacheka. Kisha akakitazama kiti changu, kile cha karibu na mlango wa moto, akasema, "Usiegemee nyuma. Mguu mmoja wa kiti hicho umelegea." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nimekikalia miaka mingi kabla yako."

Nikadhani mzee amelewa. Kumbe alisema kweli, na hapo ndipo maisha yake yalipo.

Mzee Gleb alikuwa mtoto wakati wa ile njaa. Baba yake hakurudi vitani, mdogo wake alikufa ndani ya nyumba hiyo hiyo tunayokaa. Vita vilipokwisha, wafungwa wa Kijerumani waliletwa kujenga upya nyumba walizozibomoa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule huko kwao, mzee mzee hivi, hajui hata kushika mwiko wa kujengea. Alikuwa anapanga matofali huku ananong'ona mashairi. Gleb, kijana, akawa anasimama chini ya jukwaa kusikiliza. Akaanza kumpelekea ganda la mkate, naye anamrushia ubeti. Mkate unapanda, shairi linashuka. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Mama yake alipojua alimnyamazia majira yote ya baridi. Mtu aliyemzika mwanawe kwa njaa, halafu mwanawe mwingine anawapelekea mkate waliomnyima. Nilimuuliza Mzee Gleb alimjibu nini mama yake. Akasema, "Nilimwambia, walioninyima mkate hawakuvisoma vitabu hivi. Wangevisoma wasingefika." Nikamuuliza, "Akaelewa?" Akasema, "Hapana. Lakini alianza tena kunipa uji."

Akasoma, akapanda, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Watu wanasema alikuwa anaingia darasani bila karatasi, anakusimulia mji wa Kijerumani barabara kwa barabara, wapi kuna kisima, wapi mshairi alikaa, dirisha lake linatazama nini. Na kumbe hajawahi kufika Ujerumani. Zamani hawakumruhusu, na sasa moyo wake haumruhusu, maana ni mgonjwa wa moyo. Hapo ndipo ninapomzidi, Dada. Mimi Ujerumani nimefika. Ndege yetu ilitua kule kwa sababu ya ukungu, tukakaa kiwanjani mpaka mchana. Nilimwambia Ujerumani ilivyo: sakafu inateleza, na askari wao hawaitikii salamu. Alinisikiliza kwa heshima kubwa. Mama Raisa, mkewe, akasema tangu waoane hajamwona akimsikiliza mtu kimya namna ile.

Sasa sikiliza habari ya Vadim.

Vadim Petrovich alikuwa rafiki yake tangu bwenini. Walikuwa na koti moja la baridi la watu wawili, mmoja akienda darasani mwingine anabaki kitandani mpaka mwenziwe arudi. Kamusi moja, sufuria moja. Wakaanza kuandika kitabu kikubwa, habari ya ushairi wa Wajerumani tangu walipoanza kuimba mpaka leo, ili Warusi waisome kwa lugha yao. Waligawana. Nusu ya kwanza ya Gleb, nusu ya pili ya Vadim. Ilikuwa wazae kitabu kama mapacha.

Ukaitishwa mkutano pale chuoni. Zamani hizo za chama, unajua mikutano ile, hata sisi tulikuwa nayo. Swali likawa, je, kuna mwalimu anayewasomesha wanafunzi vitabu vilivyokatazwa? Akasimama Vadim. Akasema, Gleb Matveyevich. Vitabu hivyo walivisoma pamoja, chini ya koti lile lile.

Gleb akaondolewa. Hakufungwa, wakati huo walikuwa hawafungi sana, lakini kazi ya chuo hakuna tena. Akachukua kazi ya tanuri, chini ya nyumba yake mwenyewe, na kile kiti. Mchana anachochea moto, mapumziko anaandika nusu yake ya kitabu, makaa yanamchafulia karatasi. Vadim akapewa cheo chake. Upepo ulipobadilika nchini, Gleb akarudishwa chuoni, akaombwa radhi kwa barua yenye mhuri. Vadim mwenyewe hakuja. Na Gleb akaweka sheria: yule mtu asikanyage kizingiti changu. Na kitabu kikabaki nusu huku nusu kule, upande mmoja wa mto na upande wa pili.

Mama Raisa kila jioni anasema, "Nyinyi wawili mtakufa, na panya ndio watakaokimaliza kitabu." Mzee Gleb anajibu, "Panya hawajawahi kusimama mkutanoni."

Mimi nilihamia kwao mwaka ule bei zilipoachiwa huru. Soko huria limefika na huku, Dada, usidhani limekuja kwenye soko la Memorial pale Moshi peke yake kuuza mitumba. Hapa nimeona mwalimu wa hesabu anauza soksi kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, na daktari anauza vikombe vya mamaye. Mshahara wa profesa ulikuwa unanunua sukari na kiberiti. Basi tukakubaliana: wao wananipa chumba cha nyuma ya jiko, mimi ninaleta viazi, ninabeba kuni na vitabu, ninapanga foleni, na nafungua mlango. Mlango ni kazi kubwa nyumba ya profesa. Ile sheria ya kizingiti alinipa mimi niisimamie. Alinionyesha picha ya zamani ukumbini, vijana wawili wamevaa koti moja, kila mmoja mkono mmoja ndani. Akaweka kidole juu ya uso wa mmoja akasema, "Huyu akiingia kwa mlango huu, wewe utatoka kwa mlango huo huo."

Nikasema, "Mzee, mimi nimetoka ukoo wa walinzi." Jambo ambalo ni kweli ukihesabu ule usiku Baba aliolinda ndizi.

Basi ikafika siku yake ya kutimiza miaka sitini na mitano. Huku ni sherehe kubwa. Wakaja maprofesa wenzake na wanafunzi wake wa zamani. Mama Raisa alipika samaki, mimi nilipika mtori kwa viazi, maana ndizi za huku ni za kuangalia tu, na watu walirudia mtori wakaacha samaki. Nilikuwa nimeanza kujaribu na mbege ya shayiri, lakini hiyo ni habari nyingine. Nilivaa suti ya Mzee Gleb ya harusi yake, ikanikaa kama nimeshonewa, nikasimama mlangoni.

Kengele ikalia wakati watu wameshaketi. Nikafungua. Amesimama mzee mrefu, theluji mabegani, kofia ameivua. Nikamtambua palepale. Uso ni ule ule wa kwenye picha, ila umeachwa juani. Mkono wangu ukaanza kuufunga mlango, naapa, nilikuwa nimeshausukuma. Ndipo nikatazama alichokumbatia kifuani.

Dada, lilikuwa isale.

Isale kabisa, kwenye chungu cha udongo, majani yake marefu yale, yananing'inia, lile lile la kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Mkono ukakataa kusukuma. Wewe unajua. Unakumbuka kile kiangazi jirani yetu wa juu alipoufunga mfongo maji yasishuke kwetu, kahawa ikanyauka, Baba akachukua panga akatangulia njiani. Yule bwana akamtokea pale kwenye kona ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Baba alisimama. Akaliweka panga chini kwenye majani, akalipokea lile jani, na jioni walikuwa wamekaa wanakunywa kwenye kibuyu kimoja. Wewe ulikuwa umebeba maziwa, ukayamwaga. Baba alisema nini kesho yake? Alisema kuna watu wawili tu huwezi kuwafungia mlango, mjamzito na aliyeshika isale.

Sasa mimi mtoto wa Baba nimfungie?

Sikufungua tu. Nilikipokea kile chungu kwa mikono miwili, nikatangulia nacho mpaka sebuleni mbele ya wageni wote, nikasema kwa Kirusi changu kizuri, sauti ya kutoka tumboni, "Mzee Gleb, Mzee Vadim amekuja kuomba msamaha. Ameleta jani."

Uma zikasimama hewani. Mama Raisa akaketi, na alikuwa hana kiti nyuma yake, mwanafunzi mmoja akamdaka.

Mzee Gleb akauliza polepole, "Nani amemfungulia?"

"Mimi."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia. Lakini ana jani."

"Jani gani?"

Vadim akiwa nyuma yangu, amekuwa mwekundu kama bitiruti, akasema, "Gleb, mimi sikusema neno. Nilikuja kusalimu tu. Huu ni mmea. Kuna mama alikuwa anauuza pale kwenye ngazi za treni."

Nimemtangazia mtu msamaha ambao hakuuomba, mbele ya maprofesa, siku ya sherehe. Kumbe huku isale ni pambo tu, Dada. Wanaliweka dirishani kama tunavyoweka sisi maua ya plastiki. Wanalo mpaka hospitali, mpaka posta, watu wanagombana mbele yake mchana kutwa na hawajui wamesimama mbele ya nini.

Mzee Gleb akaninyooshea kidole. "Kesho utafute pa kulala."

Mwingine angeondoka kimya. Mimi nilijiambia, kama ni kulala nje, nilale nje nimeshasema. Nikaweka chungu mezani katikati ya samaki, nikawaeleza. Niliwaeleza Baba na panga, na mfongo, na jirani, na lile fundo. Nikawaambia kwetu hata damu ikimwagika, ukiletewa jani hili hukatai. Nikawaambia yuko mtu aliyelikataa, ng'ombe wake wakakataa kutoa maziwa, mkewe akakataa kupika, na mlima ukajifunika mawingu msimu mzima asiuone yeye tu, wenzake wanauona. Hapo niliongeza kidogo, lakini Kirusi changu kilikuwa kimeshika kasi kama trekta lililoachia breki kwenye mteremko wa kule Kilema.

Nilipomaliza, Mzee Gleb alikuwa bado ana hasira, lakini ile hasira ilikuwa imeanza kusikiliza. Unajua mtu aliyefuatilia nyimbo na hadithi za watu maisha yote, ukimpa mpya hawezi kujizuia, hata umpe akiwa kaburini. Akauliza, "Na kama aliyelibeba hajui maana yake?"

Nikasema, "Jani linajua."

"Hilo si jibu."

"Kwetu ni jibu."

Akauliza tena, "Analishika tu, au lazima aseme kitu?"

"Lazima alitaje kosa lake. Kwa mdomo wake. Jani linafungua mlango tu, halimsemei mtu."

Basi watu wote wakageuka kumtazama Vadim. Mimi pia. Maskini mzee, amesimama na kofia mkononi, theluji inamyeyukia begani inadondoka sakafuni. Angeweza kusema tena kwamba ni mmea tu, akageuka akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilimwona anautafuta mlango kwa macho.

Kisha akasema, "Nilitoka nyumbani mikono mitupu. Nilivyokaribia nikaogopa. Sikujua nitafanya nini na mikono yangu ukinifungulia. Ndiyo maana nikanunua kitu cha kushika."

Akasema, "Gleb, siku ile hawakunilazimisha kusimama. Miaka yote nimewaambia watu kwamba nililazimishwa. Mke wangu alikufa akiamini hivyo. Hawakunilazimisha. Niliogopa watakuja kunitaja mimi, nikakutaja wewe kwanza. Ndiyo hiyo."

Dada, nimeona mengi. Niliwahi kukutana na simba Holili nikamfukuza kwa kiatu. Lakini jambo kama lile la sebuleni sijaliona mfano wake. Niliweza kusikia maji yangu ya moto yakitembea kwenye mabomba.

Mzee Gleb hakumkumbatia. Hakulia. Alikiangalia kile chungu muda mrefu, akageuza jani moja akatazama upande wake wa chini kama anasoma. Kisha akaniambia mimi, hakumwambia Vadim, "Umeacha mlango wazi. Mmea huu utakufa kwa baridi. Funga mlango."

Nikauliza, "Nifunge yeye akiwa ndani au nje?"

Akasema, "Una macho au huna? Mtu yuko ndani tayari. Mpe sahani."

Basi nikafunga mlango, nikampa sahani, nikamwekea mtori.

Tangu siku hiyo Mzee Vadim akawa anakuja kila wiki na nusu yake ya kitabu, ameifunga kwa kamba ya viatu. Wanakaa mezani, isale katikati, wanagombana. Usidhani ni ugomvi mdogo. Wanagombania neno moja la mshairi aliyekufa kabla babu wa Babu hajazaliwa, wanarushiana mpaka kofia. Mama Raisa anagonga ukuta kwa kijiko. Kila mmoja akishindwa anakuja jikoni kunishtakia mwenziwe, nami ninatoa hukumu. Nusu ya maamuzi ya kitabu kile ni yangu, ingawa jina langu halitaandikwa, na mimi sijali mambo ya majina.

Ilibaki sura ya mwisho ndipo Mzee Vadim akakosa kuja. Tukasema ni theluji. Akakosa tena. Mama Raisa akapiga simu, akaambiwa yuko hospitali, mapafu. Mzee Gleb akasikia, akaenda kusimama dirishani. Yeye huwa hatoki nje kipindi cha baridi, daktari amemkataza kupanda hata ngazi za kanisa.

Mama Raisa akamwambia, huku ananitazama mimi, "Utaandika barua, Elinami atapeleka."

Akasema, "Hapana."

Baadaye Mzee Gleb akaniita. Nikamkuta amevaa koti, ana mkasi mkononi, amekata jani moja la isale, refu kuliko yote. Akaniambia, "Mke wake alipokufa, niliona msafara wa mazishi unapita chini ya dirisha hili. Nyumba yetu iko njiani. Vadim aliinua macho juu akanitazama. Nikashusha pazia." Akaligusa pazia lenyewe. "Hakuna aliyenilazimisha kulishusha."

Kisha akanyoosha lile jani, vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi, akasema, "Nionyeshe fundo linavyofungwa."

Nikataka kumfungia. Mkono ulishafika. Nikaurudisha. Nikamwambia, "Mzee, hili mtu hafungiwi." Nikachukua kamba ya kiatu changu nikamwonyesha pole pole, naye akafuata kwa jani lake. Lilimpasuka. Akakata lingine. Hilo likakubali.

Nilimsindikiza nimemshika kiwiko, hatua kwa hatua juu ya barafu, mpaka mlango wa wodi. Ndani hakutaka niingie. Nilibaki kwenye korido, na kwenye korido kulikuwa na masale mawili dirishani, nikayasalimu. Kupitia kioo cha mlango niliwaona. Vadim amelala, Gleb amesimama na kofia mkononi kama vile mwenziwe alivyosimama siku ile. Midomo yake ikasema kitu, si kirefu. Vadim akalipokea jani, akalilaza kifuani chini ya mkono. Kisha, kabla sijaondoa uso kwenye kioo, walikuwa wameshaanza kugombana. Nesi akaja kuwanyamazisha. Nilimweleza kwa kiburi kabisa kwamba hao ni wangu, awaache.

Mzee Vadim amerudi nyumbani kwake, anatembelea fimbo. Sura ya mwisho wanaimalizia kitandani kwake. Huyo Gleb ndiye mtu ninayekaa naye, Dada, waambie akina mama wa kanisani. Dini yake sijaiuliza, lakini nilichokiona kwenye kioo kile ningekionyesha kwa mchungaji bila woga.

Ombi moja. Mzee Gleb anataka kipande cha isale lenu, la kwenye mpaka wa juu, kile kichaka ambacho Baba na yule jirani walikipanda pamoja baada ya mfongo kufunguliwa. Kata kijiti chenye macho mawili, kifunge kwa gazeti lenye unyevu, mpe yule kijana wa Marangu anayekuja huku kusoma udaktari. Anasema anataka apande la kununua na la kupokewa kwenye chungu kimoja, aone kama yatajuana.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake vya theluji navitafuta ingawa sijajua atavivalia wapi. Nisalimie mama mdogo, yule aliyesema nitarudi baada ya mwezi, na mwalimu wangu wa darasa la saba, mwambie Kirusi nakiongea ndotoni. Nisalimie na mtoto wa jirani wa juu, yule wa mfongo, na umweleze kwamba jani la baba yake limefika mbali. Wapwa zangu wote wapake mafuta vichwani kwa niaba yangu.

Jibu lako lilete kwa anwani hii hii. Ile amri ya kutafuta pa kulala Mzee Gleb hajaifuta. Kila asubuhi tukikutana jikoni ananiuliza mbona bado nipo, nami namwambia, Mzee, ulisema kesho.

Mdogo wako, nguzo ya nyumba ya profesa,
Elinami